Naomba ushauri: nimeshtakiwa ukatili kwa punda wangu, kesi ni Alhamisi ijayo

Mchota Maji (mwanzisha uzi)
Ndugu zangu, hamjambo. Nauza maji kwa mkokoteni kwenye mji mdogo kando ya barabara kuu ya Nakuru, mwaka wa 6 sasa. Nina punda wawili. Jumatatu kijana niliyemwajiri alisimamishwa na polisi karibu na soko. Punda mdogo alikuwa na kidonda begani, pale ukanda unapokaa, na kuna mtu alikuwa ameshamrekodi kijana akimchapa kwenye mlima. Kijana akatoroka. Mimi nilipofika kituoni kuulizia punda wangu, nikawekwa ndani. Nililala huko usiku mmoja, nikaandikisha taarifa, asubuhi nikatoka kwa bondi nikapewa na punda wangu nirudi naye.

Huyo mnyama sijawahi kumpiga. Nikipiga mluzi anakuja mwenyewe. Karo ya binti yangu imetoka mgongoni mwake. Siku ile nilikuwa matangani Kisii. Je, nikisema sikuwepo itatosha? Na nikikiri ili yaishe?

Mwana wa Soko
Pole kaka. Mimi ningemuuza huyo punda kesho asubuhi. Punda hayupo, kesi itasimama na nini? Na mwenye video mtafute muongee kiume.

Wakili wa Mashinani
Mchota Maji, tafadhali usifanye lolote kati ya hayo mawili. Punda ni ushahidi. Ukimwondoa unajitafutia shtaka la pili. Mwenye video ni shahidi, na ukimfuata, hata kwa nia njema, itasemwa unamziba mdomo. Halafu kesi ni ya Jamhuri. Hata yeye akikusamehe, haiishii hapo.

Kuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Kifungu cha 3 hakizungumzii kiboko peke yake. Kumbebesha mnyama kupita kiasi ni kosa. Kumfanyisha kazi akiwa na jeraha linalomfanya asifae kwa kazi hiyo ni kosa. Na mwenye mnyama huhesabiwa ameruhusu ukatili iwapo hakuwa na uangalifu wa kutosha kuuzuia. Hapo ndipo ulipo wewe. Kwa hiyo "sikuwepo" ni nusu ya jibu. Hakimu atataka kujua ulifanya nini ili punda awe salama ukiwa haupo: ulimwelekeza kijana vipi, mbele ya nani, nani alikuwa akimkagua mnyama.

Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 3,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Nimeona wengi wakisikia hiyo 3,000 wanakiri papo hapo warudi kazini. Ukikiri umetiwa hatiani, na siku ukihitaji cheti cha maadili mema ndipo utakapokumbuka. Usikiri jambo ambalo hukulifanya, wala usikane kabla hujaelewa shtaka lenyewe. Kwa hakimu Kiswahili ni lugha ya mahakama, omba usomewe polepole.

Mama Kweli
Wakili, na hiyo taarifa aliyoandikisha? Alikuwa na haki ya kunyamaza, sivyo?

Wakili wa Mashinani
Alikuwa nayo, dada, Katiba ibara ya 49. Ameshaandika, basi aombe nakala. Ibara ya 50 inampa haki ya kuona mapema ushahidi watakaoutumia: maelezo ya mashahidi, ripoti ya daktari wa mifugo, video. Na video haiingii hivi hivi. Chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi inahitaji cheti kinachoeleza ilirekodiwa na kifaa gani na ikatolewaje humo. Mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka, pasipo shaka.

Daktari wa Mifugo
Kabla ya korti, huyo punda ametibiwa? Hiyo ndiyo ya kwanza. Apumzike kabisa, ukanda usimguse hadi ngozi ifunge. Mwite daktari aliyesajiliwa, atibu, aandike ripoti yenye tarehe na picha, na stakabadhi utunze.

Ripoti hiyo itasema mengi. Kidonda kibichi hakifanani na cha wiki tatu. Tena, nenda sasa hivi uangalie bega hilo mchana, ukipapasa manyoya kinyume. Ngozi iliyowahi kuchubuliwa na ukanda mara nyingi huota manyoya meupe. Na ulikuwa unabeba mitungi mingapi?

Mpwani
Huku Lamu punda ndiye gari letu, na kliniki ya The Donkey Sanctuary iko tangu 1987, matibabu bure. Ulizia kwenu ofisi ya mifugo ya kaunti, ndugu yangu, usione haya.

Mchota Maji
Nimerudi kutoka bandani. Daktari, yapo manyoya meupe. Kiasi cha kiganja, bega la kushoto, na mengine machache upande wa kulia. Chini ya ukanda nilikuwa nimefunga kipande cha gunia ili usimuume. Nimekishika leo: kimekauka kwa jasho, kigumu kama kibao. Mitungi ni 20 ya lita 20.

Nimekaa pale chini nikamshika kichwa. Kijana nilimwambia asimchape, mke wangu alisikia. Lakini bega sikuwa naliangalia, nilidhani gunia linatosha. Hili nimwambie wakili wangu, au ninyamaze?

Daktari wa Mifugo
Maji peke yake ni kilo 400, mzee, bado mkokoteni. Kwenye mlima ni mzigo mzito mno kwa punda mmoja mdogo. Punguza, hata kwa huyo mwingine.

Wakili wa Mashinani
Mwambie yote, hata hilo. Akilisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa kiongozi wa mashtaka, hatakuwa na la kukusaidia. Akilijua leo, anaweza kuamua kama mnapigania shtaka zima au mnakubali sehemu iliyo kweli na kuomba hakimu aangalie hatua ulizochukua. Huna pesa ya wakili? Ulizia huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria. Mke wako aandike alichosikia, siku na mahali. Na hilo gunia usilifue wala usilitupe. Lifunge kwenye mfuko uende nalo kwake.

Mchota Maji
Nimelifunga. Daktari wa kaunti anakuja kesho saa tatu.