Nyimbo tano za mwanzo zinasikika safi, nne za mwisho sauti imezama. Mjomba kanipa 1.5M nikarekodi upya Dar. Nifanyeje?

Dufu la Nanyamba

Wakuu habari za jioni. Mimi kijana wa miaka 24, niko Nanyamba huku Mtwara. Kazi yangu ni shamba la korosho la familia, na pembeni nina kibanda cha vocha na kuchajisha simu. Muziki sijasomea popote. Nilikuwa napiga dufu madrasa, hilo ndilo darasa langu pekee.

2021 nikaanza kugonga biti kwenye simu kwa BandLab, hedifoni ya buku mbili iliyokufa upande mmoja. Mwaka mzima nilikuwa namiksi kwa sikio la kushoto tu. 2023 nikapata laptopu ya mtumba, nikaweka Reaper, programu ya kurekodia, nikawa nanunua bando la usiku naangalia mafunzo YouTube mpaka jogoo wa kwanza. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, kwa hiyo mengi nimeyashika kwa kufuata mshale wa mausi unakokwenda.

Sasa nina nyimbo tisa. Biti zangu, mashairi yangu, kumiksi mwenyewe. Nataka ziwe albamu.

Tatizo lilipoanzia: Jumamosi nilipeleka flashi kwa mshikaji anayekaanga chipsi stendi, ana spika moja ya bluetooth. Nyimbo tano za kwanza watu wanatingisha vichwa, dada mmoja akauliza huyu nani. Ilipoingia ya sita mimi sipo. Biti inagonga, mwimbaji hayupo. Mshikaji kauliza, "Hii umeweka ya karaoke?" Ya sita mpaka ya tisa zote hivyohivyo, sauti inasikika kwa mbali kama mtu yuko kisimani. Nikirudi nyumbani nikavaa hedifoni, ziko sawa kabisa!

Mjomba (kwetu mjomba ndiye mwenye kauli, watu wa Kusini mnaelewa) kasema atatoa 1,500,000 ya korosho niende Dar nikarudie kila kitu kwa prodyuza wa maana. Sharti lake, nikirudi mikono mitupu, muziki basi, nashika shamba.

Je, niende? Au ninunue maiki mpya? Ninayo kondensa ya Kichina na saundi kadi ndogo. Au niachane na albamu nitoe singo moja moja?

Halafu kuna la pili. Wimbo wa saba nimeweka sauti za akina mama wakiimba kwenye unyago, nilizinasa kwa simu usiku nikiwa mbali. Ndiyo wimbo ninaoupenda kuliko yote. Jamaa mmoja kaniambia utaniletea balaa. Na hapo nisaidieni.

Siti ya Dirishani

Mimi msikilizaji tu, ila hiyo 1.5M ukienda nayo Dar utafikia Mbagala, utawakuta watu walewale wa Newala na Tandahimba uliowakimbia. Watakukopa.

Kaka wa Masasi

Dogo, toa singo. Harmonize katoka hapohapo Tandahimba kwa jirani yako, alianza kusikika 2015 kwa wimbo mmoja mmoja, albamu ya kwanza ikaja 2020. Wewe hujulikani hata Mikindani unataka albamu?

Waya Mwekundu

Niko Lindi mjini, nafunga vyombo vya muziki kwenye harusi na mikutano, na kumiksi kidogo. Kabla hujagusa hela ya mzee, nijibu matatu. Nyimbo 1 mpaka 5 ulirekodia wapi na lini? 6 mpaka 9 wapi na lini? Na hizo za mwisho umeiwekea sauti kitu gani ambacho kwenye za mwanzo hakipo?

Dufu la Nanyamba

Zote stoo ya nyumbani, maiki ileile, stuli ileile. Za mwanzo Novemba mwaka jana. Za mwisho Februari mpaka Aprili. Hizi za mwisho sauti ilikuwa inatoka nyembamba, ina harufu ya bafuni, nikaongeza kile kifaa cha kuipanua iende kushoto na kulia. Ikanenepa.

Waya Mwekundu

Novemba humo stoo kulikuwa na nini?

Dufu la Nanyamba

Mkuu...

Kulikuwa na magunia ya korosho. Yamepangwa pande tatu mpaka usawa wa kifua, nimebakiziwa nafasi ya stuli na laptopu. Desemba yote yakaenda ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika. Februari stoo tupu, tofali na bati. Na mvua juu.

Siti ya Dirishani

Yaani prodyuza alikuwa korosho 😂

Waya Mwekundu

Haswa. Gunia la korosho zenye ganda lina vinafasi kati ya punje na punje, sauti ikiingia humo inahangaika mpaka inaishiwa nguvu. Tofali halili kitu, linakurudishia yote. Na chumba kikiwa kidogo inarudi upesi mno, husikii mwangwi kama wa bondeni, unasikia mtu anaimbia ndani ya ndoo. Kondensa nayo ni mbea, inabeba kila kitu: ukuta, bati, kuku wa jirani.

Ukaona sauti nyembamba, ukaipanua. Hapo ndipo ulipojimaliza. Vifaa vingi vya kupanua vinachukua sauti moja na kuigawa: upande huu inabaki ilivyo, upande wa pili inageuzwa au inacheleweshwa kidogo tu. Kwenye hedifoni utamu, maana kila sikio lina lake. Spika moja ya bluetooth inajumlisha kushoto na kulia. Sasa chukua moja ujumlishe na hasi moja uone unabakiwa na nini. Mshikaji wako wa chipsi hakukosea, kweli ilikuwa karaoke.

Kwa hiyo maiki usinunue. Maiki ya bei kubwa itakuletea bafu lilelile kwa ubora wa hali ya juu.

Fanya hivi. Toa hicho kipanuzi kwenye nyimbo zote nne, leo hii, halafu kwenye Reaper bonyeza kile kitufe cha mono cha masta, kinachojumlisha kushoto na kulia, usikilize. Sauti itarudi, ila itarudi na bafu lake. Kwa hiyo utarudia kuimba nyimbo nne. Kuimba tu, biti usiziguse. Tafuta magodoro mawili, moja lisimame nyuma ya mgongo wako, jingine ubavuni. Wengi wanaweka nyuma ya maiki, wanakosea: maiki inakutazama wewe, kwa hiyo inaona ukuta ulio nyuma yako. Magunia matupu hayasaidii, yajaze nguo kuukuu. Mdomo uwe shubiri moja na kidogo kutoka kwenye maiki, katikati weka soksi ya nailoni uliyoivisha kwenye waya wa duara ili "p" na "b" zisipige kishindo. Kwenye mpangilio wa kurekodi chagua 24-bit, kilele cha sauti kicheze kwenye -12 dB, hakuna tuzo ya kufika kwenye nyekundu. Kwenye sauti kata kila kilicho chini ya 80 Hz, huko chini hauimbi, ni mtetemo wa meza tu.

Halafu huu ni Agosti, mnapuliza salfa kwenye mikorosho. Usiimbe siku uliyopuliza. Koo lenye salfa halidanganyi.

Mzee wa Mingoyo

Kijana, mimi nilikuwa na bendi ya harusi huku Lindi. Tulichanga, tukaenda Dar, tukarekodi nyimbo sita kwa prodyuza ambaye jina lake silitaji. Tulilala kwenye korido la studio siku tano kwa sababu kila tukifika zamu yetu kuna msanii wake kaingia. Tukarudi na CD moja ya MP3. Mwaka uliofuata redio ikataka zenye ubora, tukampigia, akasema diski imeungua. Basi. Sita zote. Mpiga solo wetu amefariki, na kupiga kwake kulikobaki ni kwenye hiyo MP3 yenye kukwaruza.

Ukienda kwa mtu yeyote, hata rafiki yako, usitoke mlangoni bila WAV, yaani faili kamili lisilobanwa kama MP3, na kila chombo kwenye faili lake. Uwe umekuja na diski yako. Na hayo uliyonayo kwenye laptopu yaweke sehemu mbili, mtumba hauna ahadi.

Mama Wawili

Mimi nimesoma yote hayo ya magunia nikacheka, lakini naona mnaruka la pili. Mwanangu, mimi ni mama wa Masasi, nimechezwa na nimechezesha. Nyimbo za unyago zina milango. Zipo zinazoimbwa barabarani mwali akitolewa, hizo hata watoto wanazijua, na zipo za ndani. Za ndani mwanamume hazimhusu, hata mwanamke asiyechezwa hazimhusu. Wewe umesimama gizani na simu, hujui umenasa ipi. Unataka iende ipigwe kwenye kibanda cha chipsi?

Sikutukani. Ila nyakanga, yule anayeongoza unyago, hakuimba pale ili wewe upate kiitikio.

Kaka wa Masasi

Mama, naye si ni utamaduni wetu? Wakija Wazungu wakarekodi tunafurahi.

Mama Wawili

Wewe ulifurahi, mimi sikuulizwa.

Karani wa Hati

Nje ya mila, kuna na sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ina sehemu yake inayolinda sanaa za jadi, hasa mtu anapozitumia kibiashara nje ya mazingira yake. Kwa hiyo "wimbo wa zamani hauna mwenyewe" si hoja. Halafu jisajili BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kama msanii, na nyimbo zako zisajili COSOTA (ofisi ya hakimiliki) kabla hujazitoa. Albamu ikipanda kupitia msambazaji wa kulipia kwa mwaka, soma masharti: wapo ambao ukiacha kulipa nyimbo zinashushwa. Na una uhakika biti zote ni zako?

Dufu la Nanyamba

Zote zangu. Wa nne tu kinanda nilichukua YouTube kimeandikwa "free".

Karani wa Hati

Hiyo "free" mara nyingi ni bure ya kufanyia mazoezi. Soma maelezo ya chini, au kipige upya mwenyewe.

Dufu la Nanyamba

Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili. Samahani kwa ukimya, tulikuwa shambani.

Kwanza kipanuzi nimetoa, mono nimebonyeza. Aisee. Sauti ikarudi katikati kama mtu aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango. Na bafu lake, kama alivyosema Waya. Magodoro nimeazima kwa dada, la tatu nimelaza juu ya kamba kichwani kwa sababu ya bati. Wimbo wa sita nimeshaurudia. Nikapeleka stendi bila kusema kitu. Jamaa wa chipsi hakuinua hata kichwa, ila nilimsikia anaitikia korasi huku anageuza mayai.

Kinanda cha wimbo wa nne nimekipiga upya. Kibaya kuliko cha mwanzo, lakini changu.

La pili. Nilimpelekea bibi, mama yake mama. Nikamwekea hedifoni. Nilidhani atafoka. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia rudisha nyuma. Akasikiliza tena kile kipande cha akina mama, akaanza kuwataja, huyu fulani, huyu fulani, huyu anayeanzisha ni fulani. Wanne. Huyo anayeanzisha alifariki mwezi wa nne. Bibi akavua hedifoni akasema, "Huyu mwache alale." Hakuongeza neno, akarudi kubangua korosho zake.

Wimbo wa saba nimeuondoa wote. Nilijaribu kuuacha bila sauti zao, biti ikawa haina pa kukaa, maana niliijenga juu ya makofi yao. Faili nimempa bibi kwenye flashi, nyingine nimefuta. Kwa hiyo albamu ni nyimbo nane. Wa saba sasa ni ule uliokuwa wa nane.

Dar siendi. Nimemwambia mjomba nachukua laki mbili tu: yuupiiesi ndogo, maana umeme umenikatia vesi tatu katikati, na diski ya nje kama alivyosema Mzee wa Mingoyo. Hakuamini. Kazihesabu zile zilizobaki mara mbili.

Mama Wawili

Umefanya kiungwana mwanangu. Msalimie bibi.

Mzee wa Mingoyo

Diski hiyo usiiweke juu ya laptopu. Mwizi akija atabeba vyote kwa mkono mmoja.

Waya Mwekundu

Safi. Ukifika kwenye masta, hatua ya mwisho ya kusawazisha sauti, usibane mpaka wimbo uwe tofali. Spotify ukizidisha inakushusha yenyewe mpaka karibu -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), unabaki umeumia bure. Chukua wimbo wa pili ambao stendi waliupenda, uweke pembeni, zote nane zifanane nao kwa sauti na besi. Sikiliza kwa sauti ya chini, asubuhi, masikio hayajachoka. Na mpangilio usifuate tarehe ulizorekodi.

Kaka wa Masasi

Bado nasema singo. Toa wa sita kwanza.

Dufu la Nanyamba

Wa sita ndio nautoa kwanza, hapo umeshinda kaka. Albamu naisogeza mpaka Desemba. Zimebaki mbili za kuimba, na kusema kweli magodoro ya dada yanasaidia ila hayafikii Novemba ile. Oktoba mzigo unaanza kuingia stoo. Nasubiri.

Siti ya Dirishani

Mjomba anajua kuwa korosho zake zinashikilia kazi yako?

Dufu la Nanyamba

Hajui. Jana kaniuliza mbona mwaka huu nina haraka ya kuokota kuliko vibarua.