Mhusika wa kampeni ya anime: BESM, Fabula Ultima au Ryuutama?

Zumari_Kimya
Wakuu, salaam. Tunaanza kampeni mpya (hadithi ya vikao vingi) ya mchezo wa kuigiza wa mezani, yenye ladha ya anime, katuni za Kijapani, na GM, yaani msimamizi wa mchezo, ametuachia tuchague kanuni wenyewe. Tumebaki na mifumo mitatu hiyo ya kwenye kichwa cha habari. Mhusika wangu tayari ninaye: msichana mpiga zumari ambaye kivuli chake kina akili zake. Zumari ikinyamaza, kivuli kinaondoka kwenda kinakotaka, na si rafiki yake sana. Nilinganishieni, ni mfumo gani utambeba bila kumpunja? Meza yetu ina wachezaji wanne.

Mzee_wa_Dadu
BESM (Big Eyes, Small Mouth), bila kusita. Ilitoka 1997 na msingi wake ni ule ule: unapewa pointi, unanunua unachotaka. Hakuna klasi, yaani aina ya mhusika iliyopangwa tayari, ya kukubana. Sifa kuu ni tatu tu, Mwili, Akili na Roho, na wastani wa hizo tatu ndio unaozaa uwezo wako wa kupigana. Fikiria maana yake: binti mwembamba asiye na misuli, ila Roho yake imejaa, anasimama mbele ya jitu na anashinda kihalali, kwa hesabu. Kwenye anime hilo ni jambo la kawaida. Kwenye michezo mingi ya mapanga ungeomba huruma ya GM.

Kivuli chako unakinunua kama mwandani mwenye karatasi yake ya sifa na uwezo. Kisha unachukua kasoro: kivuli hakitii, watu wanakiogopa, kuna anayekiwinda. Kasoro zinakurudishia pointi, kwa hiyo matatizo ya mhusika ndiyo yanayolipia nguvu zake. Sijaona mfumo mwingine unaokupa uhuru huo.

shangazi_wa_mecha
Shikamoo Mzee, lakini uhuru huo huo ndio unaoua meza. Nimekaa na makundi ambako mmoja kajenga roboti kubwa la vita, mwingine mpishi wa shule, wote kwa pointi zile zile, na wote ni halali. Pambano la kwanza tu mpishi hana la kufanya. Pointi kulingana haina maana kwamba wahusika wanalingana.

Zumari, mdogo wangu, tazama Fabula Ultima. Kabla ya kugusa karatasi, kundi zima mnaunda dunia na kukubaliana ninyi ni kundi la namna gani: walinzi wa kitu fulani, waasi, watafutaji. Mhusika anazaliwa ndani ya makubaliano hayo. Halafu unaandika mambo matatu mafupi: utambulisho wako kwa sentensi moja, dhamira inayokusukuma (hasira, hatia, wajibu, kisasi na kadhalika), na asili yako. Si mapambo hayo. Ukitumia Pointi ya Fabula unaweza kuita mojawapo na kurusha dadu upya. "Mpiga zumari anayekimbiwa na kivuli chake" inakuwa kitu unachokitumia mezani, haibaki historia ya kurasa tano ambayo GM hataisoma.

Kwa kanuni: unaanza kiwango cha 5 na lazima ukigawe kwenye klasi 2 au 3. Chukua klasi ya Darkblade, ambayo inalipia mapigo kwa uhai wake yenyewe. Kivuli kinapiga adui, bili inakuja kwa msichana. Muziki hauna klasi yake kwenye kitabu kikuu, lakini Orator, klasi ya watu wa maneno, inabeba hilo ukibadilisha maelezo: badala ya hotuba, wimbo. Kanuni hazijali sauti inatoka wapi.

Mzee_wa_Dadu
Marahaba. Yaani tunarudi kule kule kwa kuchagua klasi na kuzipaka rangi.

shangazi_wa_mecha
Ndiyo, na hiyo rangi ndiyo anime yenyewe, Mzee wangu.

msafiri_mvivu
Kuhusu Ryuutama nisiwachoshe. Huu ni mchezo wa safari. Klasi ziko 7, na humo kuna mkulima, mfanyabiashara, fundi. Mpiga muziki yumo, kwa hiyo zumari imepata nyumba. Kila asubuhi unarusha dadu kujua mwili umeamkaje, kisha mnapambana na mvua, matope na kupotea njia. Sifa ni dadu zenyewe: mwenye nguvu anarusha ya pande 8, dhaifu ya pande 4. Hata GM ana mhusika wake, mtu-joka anayelinda safari yenu.

Ila kivuli chenye akili? Hakuna pa kukiweka. Ukimlazimisha GM akubunie kanuni zake utakuwa umeingia na upanga kwenye chai ya jioni. Ryuutama inamtaka mtu wa kawaida. Kama unachokipenda kwa huyu binti ni zumari na barabara, njoo. Kama ni kivuli, pita.

Zumari_Kimya
Nashukuru sana. Ninachokipenda ni kivuli, ndiyo. Swali la pili: nilitaka awe mpweke, mkimya, asiyemwamini mtu. GM amekunja uso. Tatizo liko wapi? Anime zimejaa watu wa hivyo.

ramani_na_dadu
Zimejaa, na zote zina mwandishi anayehakikisha mpweke anafuatwa na wenzake. Mezani hakuna mwandishi. Ukikaa pembeni na kunyamaza, wachezaji watatu wanaendelea na mchezo wao na wewe unatazama. GM wako yuko sahihi kukunja uso.

Huna haja ya kumfanya mchangamfu. Mpe sababu ya kuwahitaji hawa hawa, si watu wowote. Mfano: kuna mwenzenu mmoja ambaye kivuli kinamtii kuliko kinavyomtii yeye, na hajui kwa nini. Hapo anaweza kununa atakavyo, lakini hawezi kuondoka.

Kwenye hili Fabula Ultima ina kifaa ambacho BESM haina. Uhusiano unaandikwa kwenye karatasi kwa jozi za hisia: kustahi au kujiona duni, uaminifu au shaka, upendo au chuki. Unaweza kumpa mtu mmoja hisia mpaka tatu, moja kutoka kila jozi. Shaka na upendo kwa mtu yule yule inaruhusiwa kabisa, na ukiuita uhusiano huo wakati wa kurusha dadu, unakuongezea kadiri ulivyo mzito. Mpweke anayewashuku wenzake anapata faida kwa kuwa karibu nao. BESM ukitaka hivyo, mtakubaliana kwa mdomo.

Jambo moja zaidi, usimalize siri ya kivuli kabla ya kikao cha kwanza. Andika kinataka nini, basi. Kilitoka wapi, mwachie GM.

Mzee_wa_Dadu
Hapo kwenye uhusiano nimenyoosha mikono. Lakini akitaka kivuli chenye karatasi yake, kinachopigana peke yake upande mwingine wa uwanja, bado BESM.

Zumari_Kimya
Hapana Mzee, sitaki kipigane peke yake, nataka kimtoze. Nimempigia GM, tunakwenda na Fabula Ultima. Darkblade viwango 3, Orator 2, dhamira ni hatia. Mwenzetu mmoja ameshakubali kuwa ndiye ambaye kivuli kinamtii, ila ameweka sharti: na yeye asijue sababu.

msafiri_mvivu
Huyo mwenzenu anacheza klasi gani?

Zumari_Kimya
Mganga. GM amecheka, kisha akaandika kitu na kukifunika.