Mikono ya Ombeni

*Kikundi: Familia ya Koko*

[05:52] Furaha: Wapendwa, nani ameamka? Tazameni picha. Ombeni analia tangu saa nane ya usiku. Vidole vyote vimevimba, mikono yote miwili. Jana jioni nilimwogesha, hakuwa hivi.

[05:55] Koko: Yesu wangu. Uyu mutoto eko na nini? Mikono sawa mandazi!

[05:57] Mugisho: Ni yule mtumishi. Amembana na mlango, halafu akanyamaza. Nimeshamwambia arudi kwao Cimpunda asubuhi hii.

[05:58] Furaha: Baba Ombeni, mlango gani unabana mikono miwili sawasawa?

[05:58] Mugisho: Basi amemfinya.

[06:01] Bahati: Shemeji, weka barafu. Kwetu kwenye chantiye mtu akijipiga nyundo ni barafu tu.

[06:02] Koko: Apana barafu. Bamuchanje kidogo, damu mbaya itoke. Kuko mama moya kule Kadutu anajua iyo kazi.

[06:04] Esther: Hakuna barafu, hakuna wembe!! Natoka zamu ya usiku, nipo njiani. Furaha, nijibu haraka: miguu iko aje? Homa? Ananyonya?

[06:09] Furaha: Wifi, nimevua soksi sasa hivi. Mguu wa kushoto nao umevimba pale juu, karibu na vidole. Homa 38,7. Akishika ziwa analiacha, analia.

[06:10] Esther: Mpeleke lopitali sasa. Si saa tatu, sasa. Mfunike mikono na miguu kwa kitu cha joto, endelea kumpa ziwa hata kidogo kidogo njiani.

[06:11] Mugisho: Dada, unatutisha.

[06:19] Esther: Nimepanda pikipiki, naandika vibaya, mnisamehe. Ingekuwa kidole kimoja ningeuliza mlango, nyuki, mdudu wa kidole, hata unywele wa mama uliojizungusha na kukaza (inatokea kwa watoto wadogo). Lakini mikono miwili na mguu, ghafla, mtoto wa miezi 9? Mimi nauliza damu. Nauliza SS, ugonjwa wa selimundu.

[06:20] Mugisho: Kwetu hakuna SS.

[06:20] Mugisho: Na mbona tangu azaliwe yuko mzima?

[06:24] Esther: Mtoto anazaliwa na damu ya tumboni ambayo inamkinga. Ile inapungua polepole, na kuanzia karibu miezi 6 ugonjwa unaanza kujionyesha. Seli nyekundu zinapinda kama mundu, zinaziba mishipa midogo ndani ya mifupa ya mikono na miguu. Mfupa unakosa damu, ndiyo uvimbe, ndiyo kilio. Mara nyingi ni alama ya kwanza kabisa. Sasa wewe weka barafu pale: baridi inabana mishipa zaidi. Bahati unanisikia?

[06:25] Bahati: Nimesikia 🙏🏾

[06:26] Mugisho: Narudia, kwetu hakuna.

[06:41] Koko: Mugisho. Mukubwa yako, ule bakwanza, wewe ulikuwa hauyazaliwa. Mikono yake ilivimba ivi ivi. Balisema bamemuloga. Tulimuzika na miaka mbili.

[06:58] Furaha: Tumefika. Wanamtoa damu.

[10:15] Furaha: Malaria hakuna. Wamempa parasetamoli na seramu, amelala. Wamefanya Emmel, kile kipimo cha seli kupinda, imetoka pozitifu. Dokta anasema bado wanaangalia kama hakuna maambukizi kwenye mfupa.

[10:17] Esther: Wako sawa, hivyo viwili vinafanana sana siku za kwanza. Na Emmel haitofautishi AS (aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, haumwi) na SS (aliyerithi kwa wote wawili), inasema tu seli zinapinda. Waambieni wafanye elektroforezi, ndiyo kipimo kinachotofautisha. Ninyi wazazi pia mpimwe.

[10:18] Mugisho: Mimi wa nini?

[10:20] Esther: Ndugu yangu, mtu wa AS anacheza mpira, analima, anazeeka, hajui. Wakikutana AS wawili, kila mimba ina nafasi 1 kwa 4 ya kuzaa SS. Kila mimba, si mtoto wa nne.

*Siku tano baadaye*

[17:03] Furaha: Majibu: Ombeni SS. Mimi AS, baba yake AS.

[17:04] Koko: 😭

[17:06] Furaha: Vidole vimeshuka, leo ameshika kijiko na kunipiga nacho. Wameandika penisilini kila siku mpaka miaka 5, asidi foliki, na chandarua kila usiku. Dokta amenifundisha kupapasa wengu chini ya mbavu za kushoto. Likikua ghafla na mtoto akapauka, ni kukimbia. Homa ya 38,5 pia ni kukimbia, hata usiku wa manane.

[17:08] Esther: Na maji. Na sweta, mvua ya Bukavu mnaijua. Kesho napita na kadi yake ya chanjo tuikague.

[17:10] Koko: Esther, na ule wangu, angepimwa angepona?

[17:15] Esther: Mama, nakuja kwako usiku huu. Usilale kwanza.

[19:32] Mugisho: Nimetoka Cimpunda. Nimemwomba yule binti msamaha mbele ya mama yake.

[19:33] Furaha: Amesemaje?

[19:35] Mugisho: Atarudi Jumatatu. Ila anataka siku zile 5 nizilipe.

[19:35] Koko: Lipa.