Fonti nyembamba ya kizamani kwa lebo ya asali: Pompiere inafaa?

Binti_Ngambo
Wakuu, habari za mchana. Nafungasha asali ya nyuki wadogo hapa Tabora, kwenye chupa zile ndefu za robo lita. Lebo ina upana wa sentimita 4 tu. Nikiandika ASALI YA NYUKI WADOGO kwa Arial, ama maneno yanakatika ama yanakuwa madogo hayasomeki. Nimeona fonti inaitwa Pompiere, nyembamba, ina madaha ya zamani. Kuna aliyewahi kuitumia? Ni bure kweli au nitakuja kudaiwa?

FundiVibao
Binti, itumie bila wasiwasi. Ipo Google Fonts, ile tovuti ya fonti za bure, leseni yake ni SIL Open Font License, hata biashara inaruhusiwa. Aliyeichora ni Karolina Lach, na wazo alilipata kwenye kibao kilichotengenezwa kwa mikono nje ya kituo cha zimamoto New York. Sisi wa brashi tunaujua mkono huo tukiuona. Mimi inanikumbusha mabango ya Ulaya ya enzi zile reli inafika hapa kwetu Tabora, 1912.

Sasa sikiliza. Ina unene mmoja tu. Ukibonyeza ile B ya kukoleza, kompyuta inainenepesha kwa nguvu, matundu ya a na e yanaziba ukishaprinti. Ukitaka ionekane, kuza. Gawa mistari miwili, ASALI YA juu, NYUKI WADOGO chini, anzia pointi 20. Achanisha herufi kidogo, la sivyo I na L zinasimama kama uzio. Na stika ya kuonyesha ndani usiiguse: asali yetu ni nyeusi, vijistari vile vitazama humo humo. Tumia karatasi ya rangi ya maziwa, wino wa kahawia iliyokolea.

Uzito, tarehe ya kuisha na namba ya simu viandike kwa fonti ya kawaida inayosomeka, Open Sans. Pompiere ni ya jina, basi.

Mwana_Ujiji
Mimi maboksi ya dagaa huku Kigoma natumia Bebas Neue. Nayo nyembamba, na mteja anaisoma akiwa ng'ambo ya barabara.

FundiVibao
Kwa boksi sawa, mkuu. Ila Bebas imejaa kila mahali, kuanzia mkutano wa injili hadi tangazo la kiwanja. Chupa ya asali mtu anaishika mkononi.

Binti_Ngambo
Shikamoo mzee, nimejaribu, mistari miwili imeingia. Steshenari ndiyo wameniharibia, wamefungua faili la Word ikatoka Times. Halafu nataka chini ya jina niweke Ng'ambo, Tabora kwa Pompiere hiyo hiyo. Alama ya ng' inakaa vibaya.

FundiVibao
Marahaba. Wapelekee PDF, fonti inakwenda nayo. Alama ya ng' weka iliyopinda, siyo iliyonyooka, halafu isogeze karibu na g.