Hondohondo kuwekwa kundi la salama: sahihi au tunajidanganya?

Mkuyu Mkubwa: Wakuu, hondohondo mashavu-fedha, yule ndege wa misitu ya Afrika Mashariki, kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN (shirika la kimataifa la uhifadhi, linalopanga viumbe kwa hatari ya kutoweka) yuko lile kundi la chini kabisa lisilotia wasiwasi. Anataga kwenye matundu ya miti mikubwa, na ndiyo hiyo inayoangushwa kwa mbao. Mbona hapandishwi?

Hesabu Kwanza: Hapandishwi mtu kwa huruma. Kwa kigezo cha kupungua, idadi ishuke angalau asilimia 30 ndani ya miaka 10 au vizazi vitatu, kirefu kati ya hivyo. Lete takwimu.

Bi Tausi: Takwimu zikija ndege ameisha! Kasuku wa kijivu naye aliitwa salama, mwaka 2016 tukaambiwa yuko hatarini kutoweka. Wafugaji ndio waliommaliza. Kila kasuku wa sebuleni ni mali ya wizi.

Baba Kasuku: Dada, wizi umeuona wapi? Wangu amezaliwa kizimbani, pete anayo mguuni.

Hesabu Kwanza: Pete ipi, nzima au ya kufunguka? Ile nzima huvishwa kinda, mguu ukishakua haipiti. Ya kufunguka hata aliyenaswa jana anavaa.

Baba Kasuku: Sasa nimekuwa mtuhumiwa. CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, si walishapiga marufuku, 2010 hivi? Wangu ni wa kabla.

Bi Tausi: Ni 2016, kule Johannesburg, na ni biashara ya kimataifa ya ndege wa porini. Hata tarehe ya utetezi wako huijui, kaka!

Mkuyu Mkubwa: Jamani, hondohondo…

Mzee wa Kambi: Nikujibu mimi, hawa waache. Jike hujiziba tunduni, dume anamlisha kwa upenyo mdogo. Bila mti mnene wenye tundu hakuna kinda. Lakini wakubwa wanaishi miaka mingi, kwa hiyo utawaona wamejaa mkuyuni wakila matunda, useme wapo tele, kumbe hawazai. Anayehesabu vichwa tu haoni hilo.

Hesabu Kwanza: Mzee, kweli hiyo, ila bado si takwimu. Na Baba Kasuku hajajibu: pete ipi?

Baba Kasuku: Siwajibiki kwako. Wewe ni askari wa wanyamapori?

Bi Tausi: Ya kufunguka hiyo 😂