Obama alikuwa seneta mara ngapi?

Binti_Pangani: Wakuu, shikamooni. Nimebishana na kaka yangu tangu jana. Yeye anasema Obama alitoka kufundisha chuo akaenda moja kwa moja Seneti ya Washington, ile ya nchi nzima. Mimi nasema alishakuwa seneta wa Illinois kabla ya hapo. Kaka anadai ni cheo kilekile. Nani kapotea?

Dereva_wa_Springfield: Marahaba. Kaka yako ndiye kapotea. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, na jimbo hapa si jimbo la uchaguzi kama letu. Chukulia Baraza la Wawakilishi Zanzibar na Bunge la Dodoma. Seneti ya Illinois, moja ya mabaraza mawili ya bunge la jimbo hilo, ina viti 59 na hukaa Springfield. Obama aliingia Januari 1997 kutoka Chicago kusini, akatoka Novemba 2004 baada ya kushinda kiti cha Washington.

Nimeendesha lori Chicago–Springfield miaka minane. Ni kama kilomita 320 za mahindi na soya, na upepo wa Januari unalivuta tela kama una ugomvi nalo. Yule bwana aliikata njia hiyo huku bado anafundisha sheria Chuo Kikuu cha Chicago. Ubunge wa jimbo ndivyo ulivyo, wengi wana kazi nyingine. Wabunge wa jimbo la New Hampshire wanalipwa dola 100 kwa mwaka!

Miaka sita ya kwanza chama chake, Democratic, kilikuwa na viti vichache, kwa hiyo miswada mingi ilifia kabatini. Mwaka 2000 akajaribu kumng'oa Bobby Rush kwenye Baraza la Wawakilishi la Washington, akapigwa vibaya. Mambo yaligeuka 2003 chama kiliposhika wingi na Emil Jones akawa rais wa Seneti. Ndipo ikapita sheria ya kuwataka polisi warekodi mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji. Polisi na waendesha mashtaka walikuwa hawaitaki. Lakini Illinois ilishawatoa watu 13 waliokuwa wakisubiri adhabu ya kifo, baada ya kuonekana hawana hatia. Obama akakaa na hao polisi na waendesha mashtaka mmoja mmoja mpaka wakalainika. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake kubwa ya Springfield.

Kalamu_Nyekundu: Mbona umeruka zile kura za "nipo"? Hakukubali wala hakukataa, zaidi ya mara mia.

Dereva_wa_Springfield: Mkuu, muswada pale unahitaji kura 30 za ndiyo. Ukisema "nipo" hujauongezea hata moja, kwa hiyo ni hapana yenye adabu. Nyingine zilipangwa na chama. Nyingine, sawa, alikwepa.

Ukitaka kumkaba, mkabe kwa mwaka 1996. Alice Palmer, mwenye kiti, alimtambulisha kama mrithi wake kwa sababu yeye alikuwa anawania Washington. Aliposhindwa akataka kurudi. Watu wa Obama wakazikagua sahihi za wadhamini moja moja, na mchujo ukabaki na jina moja. Kisheria hana kosa, ila mimi nisingemfanyia hivyo aliyenishika mkono.

Binti_Pangani: Asanteni. Nimemsomea kaka yote. Sasa anasema mama Palmer alijitakia mwenyewe, na chai imepoa tena.