Naomba ushauri: muuguzi mwenzetu amevunjika moyo baada ya kifo cha mama aliyejifungua

Habari za kazi, ndugu wauguzi. Mimi ni muuguzi kiongozi wa wodi ya wazazi katika hospitali ya wilaya. Hivi karibuni tulimpoteza mama kwa kutokwa damu baada ya kujifungua. Aliyekuwa zamu ni binti mgeni kazini. Alimpa oksitosini, dawa ya kukaza tumbo la uzazi ili damu ipungue, akakanda tumbo la uzazi, akamwita daktari kwa wakati. Damu ya akiba ndiyo haikuwepo.

Kikao cha kupitia vifo vya uzazi, ambacho kwa mwongozo wake si cha kumtafuta mkosaji, kiligeuka kuwa cha kumhoji yeye mbele ya watu. Tangu hapo hali chakula vizuri, anaogopa zamu ya usiku, na wenzake wameanza kumkwepa. Hilo la wenzake ndilo linaloniuma zaidi.

Nimezungumza naye faraghani na kumhamishia zamu za mchana kwa muda, lakini tuko wachache na wengine wananung'unika.

Naomba kujua: mmewezaje kumrudisha mwenzenu usiku bila kumlazimisha? Na nianzeje kuzungumza na matroni kuhusu kile kikao bila binti huyu kuandamwa zaidi?